Kikao na Msimamizi wa Utafiti Huandaliwa na Mwanafunzi

Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu huingia katika kikao na msimamizi wakiwa na taarifa ya waliyoyafanya, kisha husubiri kuelekezwa. Kwa uzoefu wangu, kikao cha namna hiyo huishia kwenye maneno ya jumla kama "endelea hivyo hivyo", kwa kuwa msimamizi hakupewa jambo lolote la kuamua.

Siku mbili au tatu kabla ya kikao, mimi humtumia msimamizi ukurasa mmoja unaoeleza tuliyokubaliana awali, yaliyotekelezwa, yaliyokwama na maswali ninayotaka tuyajadili. Usidhani kwamba anakumbuka ulipoishia, maana anasimamia wengine, anafundisha na anasahihisha mitihani. Rasimu ya sura itangulie walau wiki moja, ikiambatana na maelezo ya aina ya usomaji unaouhitaji. Usipobainisha kwamba unataka maoni kuhusu mtiririko wa hoja, huenda akatumia muda wake kurekebisha nukta na mikato katika aya utakazozifuta.

Maswali ndiyo yanayostahili maandalizi makubwa zaidi. Kuuliza "Je, sampuli yangu inatosha?" ni kumtwisha mwenzako mzigo wote wa kufikiri. Ni afadhali useme: "Hojaji zilizorudi ni chache kuliko nilivyopanga. Ninaweza kuongeza muda wa kukusanya data, au kupunguza makundi ninayoyalinganisha kutoka manne hadi mawili. Napendekeza njia ya pili, kwa sababu swali kuu la utafiti haliathiriki." Hapo msimamizi anapata hoja ya kuipima, na mara nyingi ataona njia ya tatu ambayo hukuiwazia. Akikataa pendekezo lako, muulize sababu kwa heshima na uiandike, kwani huenda mtahini akakuuliza swali hilo hilo siku ya kutetea tasnifu.

Anza na jambo gumu kuliko yote, hata kama ni matokeo yanayopinga nadharia tete yako, yaani jibu ulilolitarajia kabla ya kukusanya data. Likiachwa hadi dakika za mwisho, litajadiliwa kwa haraka au litaahirishwa. Njoo na data ghafi pamoja na grafu, kwa sababu jicho lenye uzoefu huona kasoro ambazo wastani huzificha. Wala usiahirishe kikao eti kwa kuwa hujapiga hatua. Nina hakika kwamba wakati wa kukwama ndio unaohitaji kikao kuliko wakati mwingine wowote.

Siku hiyo hiyo ya kikao, andika barua pepe fupi inayotaja maamuzi, nani atafanya nini na kwa tarehe gani, kisha umwombe msimamizi asahihishe ulipokosea kumwelewa. Mwenye wasimamizi wawili awatumie wote barua hiyo moja, ili maelekezo yao yanapokinzana walitatue jambo hilo wao kwa wao kabla hajaandika sura nzima kwa kufuata upande mmoja.