Usimtoe madrasa kwa sababu ya darasa la saba

Mama mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia. Mwanawe ana juzuu tano kati ya 30 za Qurani kichwani, mwakani anaingia darasa la saba, na tuisheni ya shule imewekwa saa 10 jioni, saa ileile ya madrasa. Anauliza kama amtoe madrasa mpaka mtihani upite.

Asimtoe. Ampunguzie, ila ajue anapunguza nini.

Msahafu wa Madina una kurasa 604, na juzuu moja ni kurasa 20 hivi. Mtoto akichukua nusu ukurasa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 40 anapata kurasa 100, yaani juzuu tano kwa mwaka. Nusu ukurasa haujawahi kumfelisha mtu hisabati. Kinachomchosha mtoto ni mzazi anayeuliza kila wiki "umefika wapi?" Ustadhi naye anakimbiza, na kurasa za mwezi uliopita zimeshapeperuka.

Basi dars mpya, yaani kuhifadhi kurasa mpya, ndiyo ya kusimamisha, kuanzia likizo ya Juni hadi mtihani wa Septemba. Muraja'a, yaani kurudia alichokwisha kuhifadhi, haisimami hata siku moja. Juzuu tano ni kurasa 100: kurasa mbili kabla ya kila swala ni kumi kwa siku, na siku ya kumi amezunguka zote. Kila mara ni dakika nne tu kwa mtoto aliyezoea.

Ila lazima awepo mtu wa kushika msahafu. Mama asiyehifadhi anaweza, mradi anajua kusoma. Mtoto anayejisikiliza mwenyewe haoni anapoteleza, hasa kwenye aya zinazofanana. Angalia al-Baqara, aya ya 48 na ya 123: zinaanza sawa, lakini katika ya 48 shafaa (uombezi) inatangulia adlu (fidia), na katika ya 123 adlu ndiyo inayotangulia. Akichanganya hapo, badala ya kwenda kwa Firauni na Bani Israil anajikuta kwenye mtihani wa Nabii Ibrahim, anaendelea kwa sauti nzuri kabisa, na kurasa zote za katikati zimerukwa. Aziandike aya hizo mbili daftarini, moja chini ya nyingine, na palipotofautiana apige mstari kwa kalamu nyekundu. Na asibadilishiwe msahafu, kwa sababu jicho lake linakumbuka aya iko juu au chini ya ukurasa.

Wanaosema hifdhi ni alfajiri wayakumbuke kwanza mabasi ya shule ya mji huu, yanayobeba watoto kabla jua halijachomoza. Kabla ya Juni, dars mpya iende Jumamosi na Jumapili asubuhi, ukurasa mmoja na robo kila siku. Hesabu inabaki ileile.

Wako walimu wa dini wanaoiona shule kama adui, na walimu wakuu wanaoilaumu madrasa kila matokeo yakiwa mabaya. Wote hawajawahi kumpa mtoto swali la mirathi: marehemu kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke thumuni (1/8), mama sudusi (1/6). Kigawe kidogo cha shirika ni 24, mke anachukua 3, mama 4, mtoto 17 zilizobaki. Hapo sehemu za darasa la tano zimefundishwa na fiqhi pia imefundishwa, na anayetaka kumchagulia mtoto upande mmoja amwogope Mwenyezi Mungu.

Baada ya Septemba kuna miezi mitatu mpaka kidato cha kwanza, na wengi huiachia mitaani. Mrudishe madrasa wiki hiyohiyo. Mwombe ustadhi asimpe dars mpya kwanza, amsikilize juzuu moja kila siku kuanzia ya kwanza. Juzuu yenye makosa zaidi ya matano irudiwe yote kabla ya kuongezwa hata mstari mmoja.