Waya wa nitinoli kunyooka wenyewe bila moto

Mwalimu, shikamoo. Umesema waya wako wa nitinoli (aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake ikipashwa moto) ukiukunja unanyooka papo hapo, hata maji ya moto hujayagusa, na sikioni hausikiki mlio wowote wa fuwele zake kugeuka.

Waya si mbovu. Hali ya hewa ya Tanga ndiyo inayokuchezea. Kama umeuzwa kwa kiwango (joto ambalo waya hurudia umbo lake) cha nyuzi 20 hivi, basi kwa mchana wa nyuzi 30 fuwele zake zimekwisha geuka. Unachokiona ni unyumbufu tu. Uzamishe kwenye barafu dakika mbili, ukunje humohumo, kisha utoe. Ukinunua mwingine, omba wa nyuzi 45 hadi 70, unafaa zaidi kwa darasa la pwani. Usiukunje kwa kona kali: ukivutwa zaidi ya asilimia 8 haurudi sawasawa.

Kuupa umbo jipya, ubane kwa skrubu juu ya bamba la chuma, uupashe moto wa nyuzi 500, dakika 10, kisha uutie majini. Jiko la mkaa halina kipimo; likizidi, uwezo wa waya kurudi sawasawa unaharibika.

Kuhusu mlio: upo, ila sehemu kubwa iko juu ya kilohezi 20 (mitikisiko 20,000 kwa sekunde), sikio halifiki, na inayobaki ni hafifu. Gundisha kisahani cha piezo (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) cha saa ya mezani kwenye bamba lililoshika waya, ukiunganishe na kikuza sauti. Wanafunzi wakitaka kusikia kwa masikio, kunja kipande cha bati safi (metali ya tin, si mabati ya kuezekea!). Litalia kwa mikwaruzo, maana fuwele zake hugeuka ghafla.