Sauti ya Sikio Moja Ndegeni

Swali: Mhariri, niliposafiri kutoka Kisumu kwenda London kupitia Nairobi, nilichomeka vipokea sauti vyangu kwenye kiti cha ndege, nikasikia filamu kwa sikio la kushoto pekee. Je, vimeharibika? Msomaji, Kisumu.

Jibu: La hasha, ndugu msomaji, ni vizima. Viti vingi vya ndege vina matundu mawili yaliyokaribiana, kila moja likibeba sauti ya sikio moja, ilhali pini yako ya milimita 3.5 huingia katika tundu moja tu. Inasikitisha kwamba abiria haelezwi jambo hili mapema. Nunua adapta ya pini mbili, uisukume hadi mwisho. Vipokea sauti vya Bluetooth huhitaji kisambazaji kidogo, yaani kifaa cha kurusha sauti bila waya, kinachochomekwa kwenye matundu hayo hayo, kwa kuwa skrini nyingi za viti haziungani navyo moja kwa moja. Kijaze chaji kabla ya safari.