Beverage mbili kwenye bendi ya mita 160: kwa nini nyuma hakunyamazi

Swali: Nina antena mbili za kupokea aina ya Beverage (waya mrefu ulionyooshwa karibu na ardhi, unaosikia zaidi upande mmoja), kila moja mita 180, zikiwa sambamba; moja imetangulia mbele kwa mita 20. Nimeziunganisha kwa kiungo cha T, na antena ya nyuma nimeiongezea kebo ya kuchelewesha. Stesheni za nyuma bado zinasikika vilevile. Nirefushe kebo?

Jibu: Kebo iache kwanza, ondoa hicho kiungo cha T. Kebo ya omu 75 huchelewesha wimbi sawasawa na urefu wake pale tu inapoishia kwenye mzigo wa omu 75. Kwenye T haiupati, na juu ya hapo antena moja humwaga mawimbi yake kwenye nyingine. Tumia transfoma yenye tapu ya katikati (waya unaotoka katikati ya koili): kebo mbili kwenye ncha zake, rezista ya omu 150 kati ya ncha hizo, na pato litoke kwenye tapu. Hapo utapata omu 37.5, kwa hiyo ongeza transfoma ndogo ya kupandisha hadi 75.

Pili, hujasema kama umegeuza fezi, yaani kulipindua wimbi la antena moja juu-chini. Wimbi la nyuma hugonga antena ya nyuma kwanza. Ukilichelewesha hapo mpaka lilingane na la mbele, kisha ukageuza fezi ya antena moja, yanafutana, iwe mita 160 au 80. Kugeuza ni kubadilishana waya wa antena na waya wa ardhi kwenye transfoma moja. Transfoma iwe na koili mbili zisizogusana: mizunguko 2 upande wa kebo, 5 upande wa antena.

Kwa mawimbi yanayoshuka kwa nyuzi 30, ucheleweshaji unaotakiwa ni mita 20 × 0.866 (kosini ya nyuzi 30), yaani mita 17.3 za hewani. Kwa kebo ambamo wimbi husafiri kwa asilimia 66 ya kasi ya hewani, kata mita 11.4. Hakiki kwa kipima antena: ncha ya pili ikiwa wazi, ukinzani ushuke karibu na sifuri kwenye megahezi 4.33. Kebo nyingine zote mbili, kutoka antena hadi transfoma ya kuunganisha, ziwe na urefu mmoja.

Wengi huhangaika na sentimita za kebo bure. Kwenye mita 160, kosa la mita nzima bado linakuachia zaidi ya desibeli 20 za kufuta (nguvu ya wimbi la nyuma hushuka mara 100 au zaidi). Kinachoharibu kazi ni nguvu zisizolingana: tofauti ya asilimia 10 tu ya volti inakurudisha kwenye desibeli 20. Pima kila antena peke yake kwa stesheni ileile. Ikiwa moja iko chini, kagua fimbo za ardhi na rezista ya mwisho wa antena, ambayo radi huiunguza bila kuacha alama.