Kipe kichwa lebo kabla hujakiunganisha

Wewe uliyejiunga nasi juzi hapa Kisumu kuandika miongozo ya programu za kliniki, jifunze kuweka lebo, yaani jina ambalo viungo hulitumia kukifikia kichwa, kabla hujagusa faili lolote la reStructuredText, ule mtindo wa maandishi tunaoandikia miongozo.

Mwaka wangu wa kwanza tulitumia kiendelezi cha Sphinx, programu inayojenga mwongozo kutoka kwenye mafaili hayo, kiitwacho autosectionlabel, kinachogeuza maneno ya kichwa kuwa lebo yenyewe. Nilikipenda, maana kilinipunguzia kazi. Siku moja nikabadilisha kichwa "Kusajili Mgonjwa" kikawa "Kuandikisha Mgonjwa Mpya". Rejea zote, yaani viungo vilivyoelekea pale, zikakatika. Onyo lilitokea kwenye skrini, nikalipita. Kesho yake muuguzi wa upande wa Ahero akanipigia: "Umeniambia nisome sehemu ya kusajili, lakini nikibonyeza hapafunguki kitu." Nyuma yake nilisikia watoto wakilia kwenye foleni.

Tangu hapo lebo naandika kwa mkono, juu ya kichwa:

.. _sajili-mgonjwa:

Kusajili Mgonjwa
================

Kwingine kokote unaandika :ref:`sajili-mgonjwa`. Tazama vizuri kile kistari cha chini: kwenye lebo kipo, kwenye rejea hakipo. Hapo ndipo wageni wengi hukwama, na nimeona mtu akihangaika tangu asubuhi hadi chakula cha mchana kwa kistari kimoja. Acha pia mstari mtupu kati ya lebo na kichwa. Maneno ya kiungo Sphinx huyachukua yenyewe kutoka kwenye kichwa, kwa hiyo ukibadilisha kichwa leo, viungo vyote vitasoma jina jipya na lebo itabaki pale pale. Lebo ikiwa juu ya aya ya kawaida, hakuna kichwa cha kuchukuliwa. Andika maneno yako mwenyewe: :ref:`hatua za dharura <dharura>`.

Lebo isijirudie popote katika mwongozo mzima, hata kama ni mafaili tofauti. "Utangulizi" usiitumie kamwe, kila faili lina utangulizi wake. Andika "maabara-utangulizi", "dawa-utangulizi".

Mwongozo ujenge kwa sphinx-build -W kila mara. Hiyo -W hulifanya onyo kuwa kosa, na ujenzi ukifeli hutautuma mwongozo kliniki ukiwa na rejea iliyokatika.

Sura ya dawa bado ina rejea za mtindo wa zamani. Anza na hiyo, na kila kichwa utakachokifikia kipe lebo kwanza.