Dokta, askari wa mwili walikuwa wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, mcheza mpira, havuti sigara, HIV kapima hana. Kaanza kukohoa tukajua vumbi la kazini, ikapita mwezi, mara jasho usiku mpaka shuka linalowa, suruali zikaanza kumvuka. Juzi kapimwa makohozi kaambiwa TB. Shule tulifundishwa chembe nyeupe za damu ndo askari wa mwili, sasa hao askari walikuwa wapi? Na nyumbani tuna mtoto wa miaka 3, naogopa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Askari walikuwepo na walifika mapema, ila huyu mdudu hawakimbii, anaingia kuishi ndani yao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Iko hivi. Mwenye TB akikohoa au hata akiongea, vimatone vidogo mno vinabaki vinaelea hewani, mwingine anavivuta mpaka mwisho wa mapafu kwenye vile vifuko vya hewa, na pale kuna chembe nyeupe kubwa zinaitwa makrofeji, kazi yao kumeza uchafu na vijidudu. Kawaida makrofeji ikimeza bakteria inamfungia kwenye kifuko, kinakuja kifuko kingine chenye asidi kinaungana nacho, mdudu anasagwa basi. Bakteria wa TB anazuia hivyo vifuko visiungane. Anakaa humo humo, anakula mafuta ya mwenyeji wake, anazaliana taratibu, mara moja kwa siku hivi, wakati kuna bakteria wa tumboni wanaogawanyika kila dakika 20.

Na hapa ndo pananiuma kila nikieleza. Seli, yaani chembe kama hiyo makrofeji, ikizidiwa ina namna yake ya kujiua kwa utaratibu, inasinyaa, inajifunga vipande vipande na mdudu akiwa ndani, seli nyingine zinameza vile vipande na mara nyingi mdudu anafia humo. Bakteria wa TB hakitaki kifo hicho, anakizuia, anatoboa kifuko alichofungiwa halafu anaifanya seli ipasuke. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, Marekani, walionyesha kwamba sumu yake moja inaharibu kitu kinaitwa NAD, ambacho seli haipati nguvu bila hicho, kikiisha seli inakufa na wadudu wanamwagika nje. Makrofeji nyingine zinakuja mbio kusafisha, zinawameza, na wao wanapata nyumba mpya.

Mwili haukai tu, chembe zinajipanga kuwazunguka zinajenga ukuta, na watu wengi wanaishi na huo ukuta mpaka uzeeni bila kuumwa, kati ya walioambukizwa ni kama 5 mpaka 10 kwa 100 ndo wanaougua. Kwa mdogo wako ukuta umeshindwa, na kuwa mcheza mpira hakuzuii hilo. Katikati pa ukuta panaoza panakuwa kama maziwa yaliyokatika, pakipasukia kwenye njia ya hewa linabaki shimo, na ule uozo ndo unatoka na makohozi. Nimewaona sana kwenye darubini, vijiti vyembamba vyekundu juu ya rangi ya bluu, vingine vimelala ndani ya chembe yenyewe.

Mtoto mpelekeni kliniki wiki hii hii hata kama hakohoi. Chanjo ya BCG inamsaidia asipate TB kali ya ubongo lakini haifungi mlango wote. Wakimpima wakaona haumwi atapewa dawa za kumkinga, msizikatae.

SWALI: Dokta, mie dereva boda, Morogoro. Nimemaliza miezi 2 ya dawa za TB, kikohozi kimekata, kilo zimerudi, naweza kuacha? Na mkojo unatoka rangi ya chungwa, figo zinaharibika?

JIBU: Mkojo usikutishe ndugu yangu, hiyo ni rangi ya rifampisini, moja ya dawa zako za TB, inatoka hata kwenye jasho na machozi. Kuacha hapana, nakuomba kabisa. Zile dawa 4 za mwanzo zimeua wale waliokuwa wanazaliana kwa kasi, ndo maana unajisikia mzima, waliobaki ni wale waliolala ndani ya makrofeji na kwenye ule uozo niliomweleza dada hapo juu, na mdudu aliyelala dawa inamkosa kirahisi. Miezi 4 iliyobaki ya dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, ni ya hao. Ukiwaachia wakaamka wanaweza kurudi wakiwa sugu, na matibabu yake ni magumu zaidi. Ila ukiona macho yanakuwa ya njano au miguu inakufa ganzi usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.