Kabla hujaamini rangi ya karatasi ya kupimia arseniki

Visima vya maji yenye kutu ndivyo vinavyolalamikiwa huku Geita, kwa sababu vinaharibu nguo. Mimi huviogopa zaidi vile ambavyo havijawahi kupimwa, hata maji yake yawe maangavu namna gani. Arseniki ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, na miamba yenye dhahabu mara nyingi huibeba. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Kipimo ninachotumia ni cha karatasi. Ndani ya chupa ndogo ya maji unatia asidi na unga wa zinki. Arseniki inageuka gesi iitwayo arsini, inapanda hadi kwenye karatasi iliyopakwa bromidi ya zebaki, nayo inakuwa ya njano, kisha kahawia kadiri sumu inavyozidi. Unalinganisha na chati.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na hapo ndipo pagumu. Kati ya 0 na 10 utaona unjano hafifu tu. Soma mchana, kivulini, kwani taa ya njano huufuta kabisa. Pima pia maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yasiyo na arseniki, uweke karatasi zote mbili pamoja ulinganishe. Mimi humwita mtu wa pili asome bila kumwambia nimeona nini. Dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo zishike hivyo hivyo. Ukisoma mapema, rangi bado haijakolea.

Lakini makosa mengi ninayoyaona huanza kabla ya karatasi. Mtu analeta maji yaliyolala kwenye dumu tangu jana, chini kumetuama kutu, anamimina yale ya juu. Chuma kilichomo majini kikigeuka kutu huinasa arseniki na kushuka nayo, kwa hiyo kipimo kitasoma pungufu ya kilichomo kisimani. Piga pampu kwanza mpaka maji yaliyolala bombani yatoke, suuza chupa kwa maji hayo hayo, kisha upime pale pale.

Maji yakinuka kama mayai viza, usiruke dawa ya hatua ya kwanza ya kipimo, inayoondoa salfaidi, yaani kile kinacholeta harufu hiyo. Salfaidi nayo hubadilisha rangi ya karatasi.

Pimia nje, mbali na jiko na watoto: arsini ni sumu kali na hewa nyingine inayotoka humo hushika moto. Karatasi iliyotumika ina zebaki. Usiitupe chooni wala shambani. Ifungie kwenye kopo uipeleke maabara.

Ukiona 10 au zaidi, peleka sampuli maabara ya maji; kwa sisi wa huku Geita, ni ile ya Mwanza. Wakati mnasubiri majibu, maji ya kunywa na kupikia yatoke kwingine, hata ya mvua yaliyokingwa vizuri, na ya uji wa watoto yawe ya kwanza kubadilishwa. Kufua na kuoga endeleeni.